Bustani ya kikundi kando ya maji: kuchagua mimea itakayostahimili mafuriko na kulisha viumbe

Kila mvua ya masika inapokaribia, maswali huwa yale yale. Kikundi kimepata kipande cha ardhi kando ya Ziwa Victoria, au ukingoni mwa mito ya Nyando, Nzoia, Auji au Wigwa. Wanachama wanataka bustani itakayowapa mboga na wakati huo huo iwe makao ya nyuki, ndege, vipepeo na vyura. Halafu wanauliza: tupande mti gani?

Swali hilo lina wakati wake, lakini kuna moja linalolitangulia: maji yakifika hapo, hukaa siku ngapi? Watu wengi huangalia kimo cha maji tu. Kimo kina maana yake, lakini kinachoua mimea ni muda. Mti unaoweza kuzama nusu yake kwa siku mbili na kuendelea vizuri unaweza kufa kwa maji ya kifundo cha mguu yaliyotuama mwezi mzima. Ukishaujua muda wa maji katika kila sehemu ya shamba lenu, kuchagua mimea ni kazi nyepesi. Usipoujua, mtanunua miche mizuri na kuizika.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa Kisumu na jirani zake: Dunga, Nyalenda, Ahero, Nyakach, hadi Budalangi. Walio Nakuru wanaweza kufuata hatua hizi pia, ila maji ya Ziwa Nakuru yana magadi, kwa hiyo orodha ya mimea ya ukingoni haitawafaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa. Kando ya mito, kanuni za maji za Kenya hutenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, na humo hairuhusiwi kulima wala kujenga. Kurudisha mimea ya asili ili kulinda ukingo ni jambo tofauti na kulima sukuma wiki, lakini ulizeni kwanza ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mkiwa ufuoni mwa ziwa, zungumzeni na BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, na chifu kabla ya kugusa udongo.
- Wazee wawili au watatu waliokaa mtaa huo miaka mingi.
- Mambo (vigingi) ya miti thelathini hivi, na vitambaa vya rangi tatu: bluu, manjano na nyekundu.
- Jembe, panga, kamba, futi, ndoo, na daftari moja litakalokaa na mtu mmoja.
- Gambuti kwa kila atakayekanyaga maji. Hili si la hiari. Konokono wanaoeneza kichocho wamo ukingoni mwa Ziwa Victoria, na ugonjwa huingilia kwenye ngozi iliyo ndani ya maji. Watoto wasipewe kazi ya ukingoni.
- Mahali pa juu pa kuwekea miche, mbali na mbuzi.

Hatua ya 1: Weka alama za maji

Tembeeni shambani pamoja na wale wazee. Waulizeni maji yalifika wapi mwaka 2020, wakati Ziwa Victoria lilipopanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na yalifika wapi 2024 lilipopanda tena. Tazameni kuta za nyumba na mashina ya miti, kwa kuwa mara nyingi mstari wa tope bado upo. Kisha waulizeni lile swali muhimu: yalikaa muda gani?

Majibu yatakuwa ya aina mbili, na ni lazima uyatenganishe.

Mafuriko ya mto huja kwa kasi. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Nandi na Kericho, Nyando hushuka na maji ya rangi ya chai, hubeba tope na takataka, hufunika tambarare za Kano, kisha mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Madhara yake makubwa ni nguvu ya mkondo na tope linaloachwa.

Mafuriko ya ziwa huja polepole na hayana haraka ya kuondoka. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Naili kule Jinja, kwa hiyo likishajaa hukaa miezi. Hapa hakuna mkondo wa kung'oa mche, lakini mizizi hukosa hewa, kwa sababu udongo uliojaa maji hauna nafasi ya pumzi. Nenda Ziwa Nakuru uone migunga mikubwa iliyokauka ikiwa imesimama majini. Migunga hiyo hupenda kuota karibu na maji, na bado ilikufa ziwa lilipopanda na kuzunguka mashina yake kwa muda mrefu. Mti kupenda unyevu si sawa na mti kuweza kuishi ndani ya maji.

Sasa chomeka mambo:

- Kitambaa cha bluu: mahali palipo na maji karibu wakati wote, au ambapo maji hukaa kwa miezi.
- Kitambaa cha manjano: mahali panapofunikwa siku kadhaa hadi wiki mbili tatu, kisha maji yanaondoka.
- Kitambaa cha nyekundu: mahali ambapo maji hayafiki, au hufika kwa siku moja mbili katika mwaka mbaya kabisa.

Kuanzia hapa nitaita sehemu hizo bluu, manjano na nyekundu. Piga picha za mambo, au chora mchoro kwenye daftari, kwa sababu watoto watang'oa machache na mafuriko yatachukua mengine.

Kosa la kawaida: kuweka alama wakati wa kiangazi bila kumuuliza mtu yeyote. Januari kila sehemu huonekana kavu.

Hatua ya 2: Pima udongo kwa shimo

Katika kila rangi chimba shimo la nusu mita kwenda chini. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha rudi kesho yake. Shimo likiwa tupu, udongo unapitisha maji vizuri. Likiwa na maji bado, mna udongo mzito, kama ule mweusi wa Kano unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua. Katika hali hiyo hata sehemu nyekundu ihesabiwe kama manjano kwa miti isiyopenda kutuamiwa na maji, mpaka mtakapoinua matuta.

Hatua ya 3: Andika kilichopo kabla hujafyeka

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naisisitiza kuliko zote. Vikundi vingi huanza kwa siku ya usafi: mapanga, moto, na jioni ukingo umebaki udongo mtupu. Siku hiyo moja huondoa makao ambayo miche yenu itachukua miaka kuyarudisha, na ukingo ulio wazi hubomoka kwenye mafuriko yanayofuata.

Kaeni hapo asubuhi mbili tatu na muandike. Mafunjo yako wapi? Matete? Kuna mkindu au mkuyu mchanga uliojiotea? Kwera wamejenga viota juu ya tawi gani? Vyura wanalia upande gani jioni? Mdiria anakaa juu ya kijiti kipi akiwinda samaki? Kila kitu cha kienyeji kilichojiotea mahali penye mafuriko kimeshafaulu mtihani ambao miche ya kitaluni bado haijaufanya. Kiacheni, na mkijenge kuwa kiini cha bustani.

Mafunjo yana uzito wa pekee. Wajaluo huyaita togo, na mikeka yake inajulikana kote Nyanza. Katika vinamasi vya mafunjo kama Dunga wanaishi ndege ambao hawaishi penginepo. Mmoja ni gonoleki wa mafunjo, mwenye kifua chekundu, utosi wa manjano na mgongo mweusi. Mafunjo yakifyekwa yote, hahamii kwenye miti ya bustani. Anatoweka. Kwa hiyo kikundi chenye mafunjo ukingoni kina hazina tayari, na kazi yake ya kwanza ni kuyalinda.

Hatua ya 4: Chagua mimea kwa kila rangi

*Bluu.* Usijaribu kupanda miti ya matunda wala mboga hapa. Panda, au linda:

- Mafunjo. Huzalishwa kwa vipande vya shina la chini ya ardhi vyenye macho. Chukueni vichache kutoka kingo za kinamasi kilicho karibu, kwa idhini ya wanaokitumia, na msichimbe mahali pamoja hadi pabaki shimo. Mkiyavuna kwa mikeka, kateni kwa mafungu huku mengine yakisimama, ili ndege wabaki na pa kujificha.
- Matete. Hushika ukingo imara na kwera hupenda kuyajengea. Husambaa, kwa hiyo yafaa pale penye nafasi, si kando ya mfereji mwembamba.
- Yungiyungi, kama mna ghuba ndogo iliyotulia. Sile-maua hutembea juu ya majani yake akitafuta wadudu.

Acheni pia vijiti vikavu vichache vimesimama majini. Havigharimu kitu, na mdiria na kereng'ende huvitumia kila siku.

*Manjano.* Hapa ndipo penye uchaguzi mkubwa na makosa mengi. Mimea ninayoipendekeza kwanza:

- Oyieko, yaani Sesbania sesban. Ni mti mdogo unaokua haraka, unastahimili maji, unarutubisha udongo kwa naitrojeni, na maua yake ya manjano hujaa nyuki. Majani ni lishe ya mifugo. Hauishi miaka mingi, kwa hiyo uoneni kama mti wa kuanzia, wa kuwapa kivuli na maua wakati ile mikubwa inakua.
- Mzambarau mwitu wa mtoni, Syzygium cordatum. Huota wenyewe kandokando ya mito na kwenye udongo wenye maji. Maua yake hutoa nekta nyingi, na matunda huliwa na ndege, popo na watoto. Mbegu zake haziwekeki. Zipande zikiwa mbichi mara tu mnapozitoa kwenye tunda.
- Mkindu. Hustahimili unyevu wa mito na vinamasi, hutoa makuti ya kusukia na matunda ya ndege. Mti wa kiume na wa kike ni tofauti, kwa hiyo mkipanda mmoja tu huenda msione tunda. Pandeni kadhaa. Una miiba mikali chini ya makuti, basi uwe mbali na njia.
- Mkuyu, ng'owo kwa Dholuo. Nikiambiwa nichague mti mmoja tu kwa ajili ya wanyama, nitachagua huu. Unaweza kuzaa nyakati mbalimbali za mwaka, na njiwa, hondohondo, popo na tumbili wote hula kuyu. Lakini ni mti mkubwa wenye mizizi ya nguvu. Uwe mita 20 au zaidi kutoka kwenye choo, ukuta, bomba au kisima. Bustani ndogo haihitaji zaidi ya mmoja.
- Mwegea, yago kwa Dholuo. Maua yake makubwa mekundu-meusi hufunguka usiku na popo huyachavusha. Matunda yake huweza kufikia kilo kadhaa, na huanguka bila kutoa taarifa. Msiupande kamwe mahali pa kuketi, pa mikutano au pa kuegesha boda.
- Nduma. Zinavumilia miguu majini, majani yake mapana ni kivuli cha vyura, na kikundi kinapata chakula. Kwa vikundi vingi hili ndilo zao la kweli la ukanda wa manjano.
- Nyasi ndefu. Acheni kipande kisichokatwa kabisa. Kweche wekundu hutafuta mahali kama hapo msimu wa mvua.

Pale ambapo mkondo unakula ukingo, ongezeni mistari ya nyasi za vetiva. Haina faida kubwa kwa ndege wala nyuki, nasema wazi, lakini mizizi yake inashuka chini sana na inashikilia udongo wakati mimea mingine inashika nguvu.

*Nyekundu.* Hapa wekeni mimea inayochukia kutuamiwa na maji pamoja na mboga zenu.

- Siala, au lusiola kwa Waluhya. Maua yake ya manjano huita nyuki na ndege aina ya chozi, na nguzo zake zina soko.
- Murembe, orembe kwa Dholuo. Huchanua mekundu wakati wa kiangazi, mara nyingi ukiwa hauna majani, na chozi huufuata. Huota kwa kuchomeka kigogo cha tawi. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri machoni na zina sumu. Waambieni watoto mapema.
- Mitoo, saga, kunde, managu, mrenda. Ni mboga za kwetu, na zikiachwa zichanue ni karamu kwa nyuki. Katika kila tuta acheni mashina machache yasivunwe, yachanue na kutoa mbegu za msimu ujao. Fanyeni vivyo hivyo na dania na rehani.
- Mbaazi, kwenye sehemu ya juu kabisa tu. Hufa haraka mizizi ikizama.
- Mapera na ndizi, machache. Ndege na popo huvipenda, ila mapera hujiotea ovyo yakiachwa.

Hatua ya 5: Ijue mimea ya kukataa

Mingine ina maua mazuri na vipepeo wengi, na ndiyo maana watu huipanda kwa nia njema.

Gugumaji lisipandwe popote, hata kwenye beseni la mapambo. Limelisumbua Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ghuba ya Winam inalijua vizuri. Lantana, ile ambayo Wajaluo huiita nyabend winy, huvutia vipepeo, nayo ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu hadi inageuka kichaka kisichopitika. Mimosa pigra, kichaka cha miiba chenye maua ya waridi ya mviringo, hukua kwenye kingo za ziwa na maganda yake huelea hadi kwa jirani. Mkiiona ikiwa michanga, ng'oeni na mizizi. Mikaratusi isiwe karibu na maji kabisa: hunywa mno, na chini yake hakuoti mengi.

Maua yale ya manjano yanayofanana na alizeti kwenye ua za mashamba mengi ya magharibi, tithonia, nayaweka katikati. Majani yake ni mbolea nzuri ya kijani na nyuki hupenda maua yake, lakini mmea wenyewe si wa hapa na husambaa kando ya mito. Kama tayari mnayo, ikateni kabla haijatoa mbegu na mtumie majani. Kama hamna, msiilete.

Hatua ya 6: Jaza kalenda ya chakula

Chora miezi kumi na miwili kwenye daftari. Mbele ya kila mmea andika unachanua na kuzaa lini, kwa kuuliza majirani na kwa kuangalia ile iliyopo mtaani. Mkiona mwezi mtupu, hasa Januari, Februari na Julai, tafuteni mmea wa kuuziba. Nyuki wanaoshiba Aprili na kukosa chakula Februari hawatabaki.

Hatua ya 7: Pata miche

Kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, cha Maseno na vitalu vya Huduma ya Misitu ni mahali pazuri pa kuanzia kwa miti ya kienyeji. Vitalu vya barabarani navyo vina siala na mapera, lakini uliza mbegu ilitoka wapi. Chagueni miche mifupi yenye shina nene badala ya mirefu myembamba. Geuzeni mfuko mtazame: mizizi ikiwa imezunguka chini, uacheni.

Kwa oyieko, mbegu ni rahisi. Zimimineni maji ya moto, yasiwe yanatokota, ziacheni usiku kucha, pandeni asubuhi.

Wiki mbili kabla ya kupanda sehemu ya manjano, wekeni miche ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili kwa muda mfupi kila siku. Itakayonyauka mara moja ipelekwe nyekundu.

Hatua ya 8: Panda kwa wakati wa kila ukanda

Kosa kubwa ni kupanda kila kitu siku moja. Siku ya kupanda miti yenye fulana na picha inapendeza, lakini maji hayafuati ratiba hiyo.

Bluu: pandeni maji yanaposhuka, ili mmea ushike kabla hayajarudi. Manjano: pandeni mapema mwishoni mwa mafuriko, udongo ungali na unyevu, ili mche upate miezi mingi ya kukua kabla ya masika. Mche wenye kimo cha goti unaozama kabisa ni vigumu kupona. Ule ambao majani yake yanabaki juu ya maji una nafasi nzuri. Nyekundu: pandeni mwanzo wa mvua, Machi au Oktoba.

Miti ya manjano ipandwe juu ya vichuguu vya udongo vyenye kimo cha sentimita 30 hadi 40 na upana wa mita moja, vilivyoshindiliwa. Kila mche ufungwe kwenye mambo mbili kwa kamba laini. Matuta ya mboga yaelekee kule maji yanakopita, ili yapite katikati ya matuta. Ukiyakinga kwa mapana, mkondo utayabomoa. Mahali ambapo hata nyekundu si salama, pandeni mboga ndani ya magunia juu ya jukwaa la mbao au mawe.

Hatua ya 9: Tunza mwaka wa kwanza

Mbuzi wanaua miche mingi kuliko maji. Zungusheni kila mti miiba au wavu mpaka upite kimo cha mdomo wa ng'ombe. Palilieni kwa mkono kuzunguka shina na muache nyasi za mbali.

Msinyunyizie dawa za wadudu. Kila tone litaingia ziwani au mtoni, na dawa ile ile inayoua viwavi huua nyuki na chakula cha vyura.

Viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Kama kuna njia yao, iacheni wazi, msiizibe kwa ua, na mtu asimwagilie au kulinda bustani kati ya giza na alfajiri. Hakuna mche wenye thamani ya maisha ya mtu. Kiboko akizoea kuja, pigeni ripoti KWS, shirika la wanyamapori.

Hatua ya 10: Maji yakija, na yakiondoka

Yakiwa yamefika, msiingie kufanya chochote. Yakishaondoka, fuateni mpangilio huu:

1. Subirini udongo uache kunata kabla ya kukanyaga. Udongo mbichi ukikanyagwa hushindiliwa na kukosa hewa tena.
2. Ondoeni tope kwenye shingo za miche na muisimamishe iliyolala.
3. Toeni mafungu ya gugumaji yaliyosukumwa na upepo. Yapelekeni mbali juu, yakaushwe kabisa, ndipo yatumike kama matandazo au mboji. Yasiachwe kwenye matuta yakiwa mabichi, kwani huota tena, na mbegu zake hudumu udongoni miaka mingi.
4. Mboga za majani zilizozama zing'olewe zisiliwe. Maji ya mafuriko mjini hubeba uchafu wa vyoo. Pandeni upya.
5. Zibeni vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, nyayo za ng'ombe na mashimo, maana mbu wa malaria hupenda kutaga hapo.
6. Hamisheni mambo ya vitambaa kulingana na maji yalipofika, na mwandike tarehe yalipoingia na kutoka.

Matatizo ya kawaida

*Majani ya mche yamegeuka manjano baada ya maji kuondoka.* Msiweke mbolea. Mizizi imechoka, inahitaji hewa. Legezeni udongo kidogo pembeni, kisha ngojeni wiki tatu nne. Kwaruza gome kwa ukucha: kama ndani ni kijani, mti uko hai.

*Oyieko umeliwa majani yote.* Huenda ni mbawakawa wadogo wa manjano na mabuu yao, wanaojulikana kwa kuushambulia. Waokoteni asubuhi kwa mkono na kuwatia kwenye maji ya sabuni. Ukiuchanganya na miti mingine badala ya kuupanda kwa mstari mrefu, hasara hupungua.

*Tuliukata oyieko na haukuchipua.* Ulikatwa chini mno. Acheni angalau nusu mita ya shina lenye matawi.

*Ndege wanamaliza nafaka.* Mtama na wimbi visipandwe katika bustani hii. Kando ya kinamasi hamtawashinda ndege, na wala si lengo. Pandeni mboga, nduma na matunda.

*Majirani wanasema tunafuga nyoka na mbu.* Lalamiko hili lisipuuzwe, kwa sababu wao ndio watakaoamua kama bustani itaendelea kuwepo. Wekeni njia pana ya nyasi fupi, mita 2 hivi, kati ya bustani na nyumba. Msirundike matawi makavu karibu na makazi. Waonyesheni vidimbwi mlivyoziba, na waalikeni wachume mboga.

*Mafunjo tuliyopanda yameng'oka yakaelea.* Yalipandwa wakati maji yanapanda. Mwaka ujao subirini yashuke, pandeni kwenye tope, na mbandike kila kipande kwa kijiti chenye panda mpaka kishike.

*Mti ambao haumo kwenye orodha hii, tutajuaje kama unafaa?* Tembeeni kando ya mto au ufuo ule ule hadi mwone mkubwa wa aina hiyo. Muulizeni mwenye boma lililo karibu kama ulikuwepo kabla ya 2020. Kama ulikuwepo, na maji yaliufikia, chukueni mbegu zake.